Ghaliya Achagua Nyoka

Ghaliya binti Amur hakumpenda mtu kwa kumwona mara ya kwanza, na wengi hakuwapenda hata walipozeeka mbele ya macho yake. Nilikaa naye chumba kimoja cha ofisi katika wizara moja pale Al Khuwair, mjini Maskati, meza yake dirishani na yangu mlangoni, kwa hiyo nayasema haya kwa kumjua. Alikuwa mfasiri. Kila karatasi ya Kiingereza iliyomfikia aliisoma yote, akaishika kwa ncha za vidole viwili, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyu naye kasomeshwa."

Alimpa mkurugenzi wetu jina la Marashi, kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine aliyoifanya zaidi ya kunukia. Vijana wa idara ya hesabu aliwaita mifugo. Mimi, Shariffa, hakunipa jina. Alinivumilia kwa sababu sikuwa na tabia ya kuzungumza mtu akiwa anakula.

Baba yake, Mzee Amur, alikuwa na duka Nzega zamani, na walipohamia Maskati Ghaliya alikuwa kigori aliyejua Kinyamwezi kuliko Kiarabu. Watoto wa shule walimcheka. Miaka michache baadaye alikuwa wa kwanza darasani, akaacha kabisa kuzungumza nao. Serikali ikampeleka Marekani, katika jimbo la Ohio, akarudi na shahada na koti zito ambalo halikupata siku ya kuvaliwa. Akaozwa kwa jamaa yao mmoja, Sleiman. Ndoa haikufika mbali. Nilipomuuliza sababu, alifikiri kidogo, akasema, "Alikuwa akila huku anahadithia anachokula."

Mzee Amur alipofariki, Ghaliya alibaki peke yake katika fleti waliyokuwa wakikaa wawili, hapo hapo Al Khuwair. Kaka yake, Yaqoob, alikuwa na nyumba kubwa Al Hail, yenye bustani, mke na watoto. Alimtaka dada yake ahamie huko. Mwanamke kukaa peke yake, alisema, watu watasema nini? Ghaliya akamjibu kwamba watu tangu azaliwe hawajawahi kusema jambo la maana, na hataraji waanze sasa.

Basi mke wa Yaqoob, Masouda, akaona amtafutie wifi yake kitu cha kumtoa upweke. Masouda alikuwa mwanamke mnene, mwenye huruma nyingi na machozi karibu. Alilia kwenye harusi, alilia kwenye taarifa ya habari, alilia mtoto alipong'oka jino. Ghaliya alimwita Bomba. Kwanza Masouda alileta paka mweupe. Paka alirudishwa siku ya pili.

"Anajipendekeza," Ghaliya aliniambia. "Hanijui, sijampa kitu, anajisugua miguuni. Huo si upendo, huo ni ukosefu wa haya."

Akaletewa kasuku. "Nshaishi na watu wanaorudia maneno ya wenzao miaka arubaini. Leo nimtie na ndege?" Akaletewa samaki wa rangi ndani ya chupa ya kioo. Hao aliwapeleka kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wake wa meno, akasema ndiko kwao.

Nadhani angeendelea hivyo hivyo, lakini kipupwe kimoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, mmoja wa wale vijana wa hesabu aliingia ofisini kwetu akicheka. Kuna duka la wanyama huko Ruwi, si mbali na kituo cha mabasi, limeletewa nyoka kutoka Marekani. Mzungu mmoja aliwaagiza, na kabla hawajafika akahamishwa kikazi, sasa mwenye duka hajui awapeleke wapi. Chumba kizima kikapiga audhubillahi. Ghaliya akainua uso kutoka kwenye karatasi zake.

"Nyoka gani?"

"Wadogo, wa milia. Wana jina, sikulishika."

"Gata," alisema Ghaliya.

Kijana alipotoka akanieleza. Gata ni nyoka wa huko Marekani, mwembamba, mwenye milia mirefu ya manjano kutoka shingoni hadi mkiani, na Wamarekani walimpa jina hilo kwa kufananisha milia na zile kanda ambazo wanaume wao wa zamani walifungia soksi. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Kule Ohio walikuwa majanini nyuma ya bweni. Wanafunzi wa kike walipowaona walikimbia, wa kiume wakatafuta fimbo ili waonekane wanaume, na nyoka akaenda zake bila kumtazama yeyote.

"Katika chuo kile kizima," alisema, "nilimheshimu yeye tu."

Alhamisi ile, siku ya mapumziko, akanipitia na gari lake tukaenda Ruwi. Nilikwenda kwa sababu alinihitaji nimshikie boksi wakati anaendesha. Hilo alinieleza njiani, nisije nikadhani ameniomba ushauri.

Duka lilikuwa jembamba, limejaa vizimba vya ndege hadi darini, na joto lake lilikuwa la kukaba. Muuzaji alikuwa Mkenya mmoja aitwaye Harrison, kijana mrefu aliyevaa tai. Alipotusikia tunazungumza Kiswahili alifurahi mno, akatuuliza tumetoka wapi, tunakaa wapi, na kama tunamjua fulani wa Wadi Kabir. Ghaliya alimsubiri amalize.

"Nyoka wako wapi?"

Furaha ikampungua. "Madam, wako huko nyuma. Lakini hao hata mimi naogopa. Mudiri, mwenye duka, ndiye amesema lazima wauzwe."

"Sikukuuliza unaogopa nini."

Walikuwa ndani ya tangi la kioo lililowekwa sakafuni, nyuma ya magunia ya chakula cha njiwa. Wawili walikuwa wameshakufa njiani, akatuambia, na watatu ndio waliobaki. Mmoja alikuwa mkubwa na mzuri sana, ana wekundu ubavuni katikati ya milia yake, amejikunja kwenye kona ametulia. Wa pili alikuwa akijipigapiga kwenye kioo, pua imechubuka. Wa tatu alikuwa mdogo, rangi yake imefifia kama kanzu iliyofuliwa sana. Alikuwa ameinua kichwa juu ya bakuli la maji anatutazama, ulimi ukitoka na kurudi.

"Huyu mkubwa ndiye wa kuchukua," alisema Harrison. "Amekuwa mpole kabisa. Hata ukimshika hakuna maneno. Ni kama mshipi tu."

Ghaliya alichuchumaa, abaya ikaburura vumbini. Alimtazama yule mkubwa kwa muda, kisha akaingiza mkono akamnyanyua. Nyoka alining'inia. Alimgeuza tumbo, akamtazama macho, akapitisha kidole kwenye magamba ya shingo, na kidole kikatoka na vidudu vyeusi vidogo vinavyotembea. Mdomo wa nyoka ulikuwa haufungi sawasawa, na pembeni una utelezi.

"Huyu unamwita mpole?"

"Ametulia, madam."

"Huyu anakufa. Ninyi mkimwona mtu hana nguvu ya kukataa mnasema ana tabia njema." Akamrudisha taratibu, tena kwa uangalifu ambao sijapata kumwona akimfanyia binadamu. "Na amekula lini?"

Harrison hakujua. Waliwatupia samaki, asubuhi samaki wakawa hawapo, sasa nani kala nani hakula, Mungu ndiye ajuaye. Ghaliya akamwambia alete samaki. Harrison akaleta kisamaki kwenye kikombe cha chai, akakimimina ndani ya bakuli kwa mkono ulionyooka mpaka mwisho wake, mwili mzima ukiwa umebaki nyuma. Yule mkubwa hakusogea. Yule wa kujipigapiga aliendelea na kioo chake. Yule mdogo aliyefifia akaingiza kichwa majini, akatoka na samaki amemkamata ubavuni, akamgeuza, akammeza akianzia kichwani, kisha akapangusa mdomo kwenye ukingo wa bakuli, upande mmoja na wa pili.

"Basi chukua huyo," nikasema mimi, maana joto lilikuwa limenizidi.

"Kula hata mkurugenzi anakula," alisema Ghaliya.

Akamshika. Hapo nyoka hakuwa na upole wowote. Alijizungusha kwenye kiganja, akajipindua, akamwachia majimaji kutoka chini ya mkia, mengi, yaliyomtiririka hadi kwenye mkono wa abaya. Uvundo wake sijui niufananishe na nini. Harrison alirudi nyuma mpaka akagonga kizimba cha kasuku, na mimi nilifunika pua kwa mtandio. Nyoka, alipokwisha kufanya hayo, alitulia juu ya vidole vya Ghaliya, akainua kichwa akamtazama usoni, ulimi unatoka na kurudi. Hakuonyesha majuto hata kidogo.

Ghaliya alicheka. Nilikuwa nimekaa naye miaka mingi na sikujua kwamba meno yake ya juu yamepishana.

"Macho maangavu, ngozi safi, hana vidudu, anakula," alisema. "Na hanitaki. Nnamchukua huyu."

"Madam, si amekukosea adabu?"

"Amenipa heshima yangu. Amenionyesha anavyoniona."

Njiani boksi lilikuwa mapajani mwangu na kipozahewa cha gari hakikusaidia lolote. Tulipofika kwake Ghaliya alioga, akaifua ile abaya, na tangi akaliweka sebuleni, mahali ilipokuwa televisheni. Televisheni ikahamia stoo. Jina hakumpa. Alisema majina ni ya wanaoitika.

Habari zilipofika Al Hail, Masouda alilia na Yaqoob akakasirika, na hasira yake ikamfanya aharakishe jambo alilokuwa analipanga. Alikuwa na rafiki, Msellem, mjane mwenye duka la pampu za maji, mtu wa kuheshimika aliyepaka ndevu hina. Ijumaa moja alasiri wakaja wote watatu, Yaqoob, Masouda na Msellem, kwa jina la kumjulia hali Ghaliya. Mimi niliitwa nikae na wanawake, na kwa kuwa Ghaliya hakuinuka, mimi ndiye niliyemimina kahawa.

Msellem alikula halwa, akajisifu. Alikuwa amezaliwa Kongo, na kwa maelezo yake hapakubaki mnyama mkali huko baada ya yeye kupita. Aliwahi kumnyonga chatu kwa mikono. Fira alimkanyaga kichwa na kiatu. Ghaliya alikuwa akimsikiliza kwa utulivu wa mtu anayesubiri mvua ipite, mpaka macho ya mgeni yalipoangukia tangi.

"Na huyu ndiye anayewasumbua?" Msellem aliuliza, akimtazama Yaqoob. "Huyu ni uzi. Nyumba ikipata mwanamume vitu hivi vinaondoka vyenyewe."

"Usimguse," alisema Ghaliya. "Amekula sasa hivi."

Hilo likawa kama amemwambia amguse. Msellem akainuka, akakunja mkono wa kanzu, akafunua kifuniko na kumkamata nyoka katikati, kwa nguvu, kama mtu anayekamata kamba ya ndoo. Nyoka akamng'ata kwenye kidole gumba, akamtapikia samaki, na yale majimaji ya uvundo akayamwaga yote juu ya kanzu nyeupe. Msellem alimwachia. Akatazama tone la damu kwenye gumba lake. Kisha akakaa kwenye zulia, polepole, rangi imemtoka, akamwambia Yaqoob kwa sauti ndogo amwite mwanawe mkubwa, kwa sababu kuna mambo ya urithi hajayaweka sawa. Akaanza kutamka shahada.

Ghaliya alimwokota nyoka kwanza, akamrudisha ndani, akafunika. Ndipo alipomgeukia mgeni.

"Kanawe mikono kwa sabuni," alisema. "Na uso pia, kuna samaki."

Yaqoob alimpeleka hospitali. Daktari alimpaka spiriti akamwambia arudi nyumbani. Msellem alieneza kwamba yule mwanamke anafuga jini, na kwa hilo alimfanyia Ghaliya hisani kubwa, maana hakuna mposaji mwengine aliyekanyaga fleti ile. Yaqoob naye alikata mguu. Dada aliyemwaibisha mbele ya rafiki, alisema, si dada tena. Ghaliya alilipokea hilo kama mtu aliyeambiwa kwamba ofisi imefungwa mapema.

Walikaa hivyo muda mrefu, yeye na gata wake. Nyoka alirefuka, milia ikakolea. Alijifunza saa ya chakula, akawa anasimamisha kichwa mlango ukifunguliwa, lakini kushikwa hakukupenda, na Ghaliya hakumlazimisha. Jioni alikuwa akikaa na chai yake mbele ya tangi, kila mmoja na mambo yake. Kwa chakula alimnunulia dagaa wabichi soko la samaki la Mutrah, akawakatakata. Mwanzoni niliuliza kama nyoka anaweza kuishi kwa dagaa peke yake. Akaniuliza tangu lini mimi ni daktari wa nyoka.

Kisha siku moja alikuja ofisini hakumkejeli mtu. Karatasi zilipita mbele yake zote kimya. Nikamuuliza kuna nini.

"Anatetemeka," alisema. "Kichwa kinampinda kwenda juu, anatazama dari. Chakula anakilenga anakikosa."

Alikwenda Ruwi kwenye duka la intaneti, akakaa humo kati ya vijana wanaopiga kelele, akasoma. Dagaa ndio waliomfikisha hapo. Nyoka akilishwa samaki wa namna hiyo siku zote, vitamini fulani humwishia mwilini, na mishipa yake huharibika. Dawa ni vidonge vya vitamini hiyo, na chakula chengine. Nyungunyungu, wale minyoo wa udongo unyevu, ndio bora. Vidonge vilikuwa famasia. Lakini nyungunyungu katika mji wa mawe na changarawe utawapata wapi? Tulikwenda kwenye bustani za barabarani, mfanyakazi wa manispaa akatufukuza. Udongo mweusi, unaomwagiwa maji kila siku tangu miaka, aliujua mmoja tu, nao ulikuwa Al Hail, chini ya migomba ya Masouda.

Nilimwona akizungusha funguo za gari mkononi. Kwenda kuomba kwa Bomba. Nadhani angekuwa mwenyewe ndiye mgonjwa, asingekwenda.

Masouda alitufungulia geti. Yaqoob alikuwa kazini. Ghaliya alisema aliyokuja kuyasema akiwa amesimama, bila salamu ndefu, macho yake kwenye migomba. Mimi nilisubiri machozi. Hayakuja. Masouda alimtazama wifi yake kuanzia mtandio hadi viatu.

"Miaka yote hii," alisema, "nnakuletea vitu unavirudisha. Watoto wangu hujui hata majina yao. Unaniita Bomba, unadhani sijui. Mimi sikupendi, wifi. Nshajaribu, kwa ajili ya Yaqoob, nimeshindwa. Wewe ni mtu mwenye moyo mdogo, na elimu yako yote umeifanya ya kudharaulia watu."

Ghaliya alikuwa akimtazama Masouda kwa makini, kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Lakini mnyama hajanikosea kitu," Masouda alimaliza. "Jembe liko nyuma ya jiko."

Walichimba wawili, mimi nikashika kopo. Masouda alikuwa na glavu za kuoshea vyombo na alifumba macho kila alipookota mnyoo. Ghaliya aliokota kwa vidole vitupu. Katikati ya kazi Ghaliya aliuliza huu ni mgomba gani, na Masouda akamjibu kwamba ni mkono wa tembo, na kwamba mtu aliyekulia Nzega alipaswa kujua.

"Nilikuwa dukani," alisema Ghaliya. "Sikuwa shambani."

"Inaonekana."

Tulipokuwa tunatoka, Ghaliya alisimama getini. Nilidhani atashukuru. "Yule mtoto wako mkubwa anaitwa nani?" aliuliza.

"Jokha," alisema Masouda, akafunga geti.

Nyoka alipona, lakini si kabisa. Kichwa kilibaki kimeinama upande mmoja maisha yake yote, na chakula ilibidi apelekewe mdomoni kwa kibano. Kila Ijumaa Ghaliya alikwenda Al Hail kwa ajili ya nyungunyungu. Masouda alimwambia usoni kila alilokuwa akiliweka moyoni, na Ghaliya akamrudishia, na Yaqoob alipowasikia huko bustanini aliongeza sauti ya televisheni. Jina la Bomba lilikwisha. Siku moja ofisini nilimsikia akisema, "Masouda ana akili," nikaacha nilichokuwa nikiandika. Kisha akaongeza, "Kumlinganisha na kaka yangu."

Gata alikufa mwaka 2007, kwa uzee, ndani ya bakuli lake la maji. Masouda alipopata habari alilia sana, na Ghaliya akamwambia anyamaze, yule nyoka hakuwa akimpenda mtu. Walimzika chini ya migomba. Mwaka uliofuata Ghaliya alistaafu. Kwenye hafla ya kumuaga, mkurugenzi alisoma hotuba ndefu ya kumsifu, na yeye, alipopewa nafasi ya kusema, aliinuka akasahihisha Kiarabu cha hotuba ile, makosa mawili, akakaa.